King'ora Kinacholia Bila Mwizi: Namna ya Kutafuta Kosa na Kulinda Imani ya Majirani



Somo la toleo hili linahusu chombo ambacho kimekwisha kuingia katika nyumba na maduka mengi ya miji yetu ya mpakani, Busia na Malaba, Mutukula na Katuna: king'ora cha kuzuia wizi. Tumelichagua somo hili kwa sababu king'ora kibovu huleta hasara mbili. Ya kwanza humwangukia mwenye nyumba. Ya pili huwaangukia watu wote wa mtaa, nayo ndiyo kubwa zaidi.

King'ora hakina mikono ya kumkamata mwizi. Kazi yake ni kuita watu. Kikilia usiku wa kwanza bila sababu, majirani hutoka. Kikilia usiku wa pili, hutoka wachache. Kufikia usiku wa tano, watu hujifunika mablanketi na kusema, "Ni kile cha kila siku." Siku mwizi atakapokuja kweli, sauti itakuwa ile ile na hakuna atakayeamka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani ndiye fimbo iliyo karibu, na polisi hufika baada yake. Kwa hiyo kukitengeneza king'ora ni kuitunza imani ya watu watakaokuja kukuokoa.

Kwanza usalama, kisha ufundi

King'ora kinapolia usiku, kichukulieni kuwa kimesema kweli mpaka ithibitike vinginevyo. Washeni taa za nje, chungulieni dirishani, mpigieni simu jirani, wala mtu asitoke peke yake. Uchunguzi wa kosa hufanywa mchana.

Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa wapo wezi wanaojua udhaifu wetu. Hutikisa mlango au kugonga dirisha, king'ora kikalia, nao wakajificha. Baada ya saa moja hurudia. Mwenye nyumba aliyechoka huuzima mfumo wote apate kulala, na hapo ndipo huingia. King'ora kikilia mara mbili au tatu katika usiku mmoja, kwenye mlango au dirisha lile lile, hiyo ni sababu ya kuwaita majirani na polisi. Msikizime.

Tuvijue viungo vya mfumo

Mfumo wa kawaida una sehemu tano. Kisanduku kikuu ndicho kichwa chake. Hupokea habari na kutoa amri. Vihisi, ambavyo mafundi wengi huviita sensa, ni macho yake: vipo vya kutambua mwendo chumbani na vipo vya sumaku milangoni na madirishani. Kibao cha namba hutumika kuwasha na kuzima. Honi hutoa sauti. Mwisho ipo betri ya akiba, na katika mifumo mingi ya siku hizi pia laini ya simu inayompigia mwenye nyumba.

Kisanduku hugawa nyumba katika zoni: sebule zoni ya kwanza, mlango wa nyuma zoni ya pili, na kadhalika. Kibao huonyesha zoni iliyolia, na mifumo mingi huhifadhi kumbukumbu hiyo. Hapa ndipo uchunguzi wote unapoanzia. Andikeni daftarini tarehe, saa, zoni, hali ya hewa, na kama umeme ulikuwapo. Baada ya matukio matatu au manne, daftari litasema lenyewe. Zoni moja ikijirudia, kosa liko katika zoni hiyo. Zoni zikibadilika ovyo, shukuni umeme au betri.

Kihisi cha mwendo

Kihisi hiki hutambua mabadiliko ya joto mbele yake, kama pale mtu anapopita. Kwa sababu hiyo hudanganywa na vitu vingi: jua linalopenya dirishani, pazia linalopeperushwa na upepo, paka anayeruka juu ya kabati, au joto la mabati katika chumba kisicho na dari. Adui mkubwa kuliko hao ni mdudu. Buibui akitembea juu ya kioo cha kihisi, kwa kihisi huonekana mkubwa kama mtu.

Zimeni mfumo, kisha pangusieni kihisi kitambaa laini kikavu, mkaondoe utando na vumbi. Tundu ambamo waya hupita lizibwe kwa silikoni ili sisimizi wasiingie. Kihisi kiwe kwenye kona, juu ya ardhi kwa kadiri ya mita 2 na zaidi kidogo, kikipe kisogo dirisha. Kisha kijaribuni: tembeeni polepole chumbani mkitazama taa yake ndogo. Ikiwaka mnapopita na kutulia mnaposimama, kihisi ni kizima.

Mlango na sumaku yake

Kihisi cha mlango kina vipande viwili: swichi kwenye fremu na sumaku kwenye mlango. Vikitengana, mfumo huamini kwamba mlango umefunguliwa. Mlango wa mbao huvimba majira ya mvua, nao wa bawaba zilizolegea huning'inia. Pengo likizidi sentimita moja au mbili, upepo mdogo tu hutosha kuamsha mtaa mzima. Kazeni bawaba, rekebisheni komeo, sogezeni sumaku.

Mlango wa chuma una tabia yake. Chuma hudhoofisha nguvu ya sumaku, hivyo swichi iliyotengenezwa kwa mlango wa mbao haifai hapo. Mwambieni fundi aweke aina ya mlango wa chuma, au aipandishe sumaku juu ya kipande cha plastiki.

Iwapo kosa la zoni halijulikani ni la kihisi au la waya, ipo njia rahisi. Fundi abadilishane vihisi viwili vya aina moja kati ya zoni mbili. Kosa likihama pamoja na kihisi, kihisi kimekufa. Likibaki palepale, waya umelegea au umetafunwa na panya.

Umeme na betri

King'ora kinacholia umeme unapokatika au unaporudi, kwa kawaida kina betri iliyochoka. Betri nyingi za mifumo hii ni za volti 12, na hudumu miaka 3 hadi 5. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7 kwenye mita. Ikisoma chini ya 12, imeisha. Hata hivyo betri mbovu yaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka mara honi inapolia. Jaribio la kweli ni hili: waarifuni majirani, katieni mfumo umeme wa gridi kwa saa moja, kisha uamsheni makusudi. Honi ikilia kwa nguvu, betri ni nzima. Ikinong'ona au kisanduku kikijiwasha upya, nunueni nyingine na kuandika tarehe juu yake.

Vihisi visivyo na waya vina betri zao ndogo. Mlio mfupi mfupi wa kibao mara nyingi ni ombi la kubadilishiwa betri hizo. Upande wa umeme mkubwa ndani ya kisanduku, yaani transfoma na fyuzi zake, mwachieni fundi umeme.

Laini ya simu: tatizo letu la mpakani

Haya machache yanawahusu wakazi wa mpakani kuliko watu wa miji ya ndani. Kifaa cha simu kilichomo katika mfumo hutafuta mnara wenye nguvu zaidi iwapo ule wa kwao umefifia, na huko kwetu mnara huo waweza kuwa wa nchi jirani. Hapo mambo matatu huharibika.

Kwanza, salio. Simu iliyo kwenye mtandao wa nje yaweza kutozwa zaidi, au laini isiruhusiwe kabisa kupiga. King'ora hulia nyumbani, lakini mwenyewe aliye safarini hapati habari.

Pili, namba. Namba iliyohifadhiwa kwa kuanza na sifuri husomwa na mtandao wa jirani kana kwamba ni namba ya huko. Kwa hiyo hifadhini kila namba pamoja na alama ya kujumlisha na namba ya nchi: +256 kwa Uganda, +254 kwa Kenya, +255 kwa Tanzania, +250 kwa Rwanda. Namba iliyoandikwa hivyo humfikia mwenyewe kupitia mnara wowote unaoruhusu laini hiyo kupiga.

Tatu, namba za dharura. Namba 999 na 112 hupelekwa na mtandao unaotumika wakati ule. Aliye Busia upande wa Uganda, simu yake ikiwa imeshika mnara wa Kenya, aweza kupokewa na polisi wa Kenya, ambao nao hutumia 999. Hao ni ndugu zetu katika kazi, lakini dakika zitapotea. Hifadhini pia namba ya kawaida ya kituo chenu cha polisi, kwa mtindo ule wa namba ya nchi, na mnapopiga semeni kwanza mpo upande gani wa mpaka.

Dawa ni kumtaka fundi akifungie kifaa kwenye mtandao wa nyumbani, ikiwa kinakubali, na kuihamisha antena mbali na vyuma, kwenye ukuta unaotazama ndani ya nchi. Salio likaguliwe kila mwezi, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Wakati wa kungoja fundi

Usiuzime mfumo mzima kwa ajili ya zoni moja. Mifumo mingi huruhusu zoni yenye kosa kuwekwa kando kwa muda huku nyingine zikilinda. Mlango uliobaki bila kihisi utiwe kufuli la ziada, na jirani mnayemwamini ajulishwe.

Mchagueni fundi anayejulikana na Mwenyekiti wa LC I wa eneo lenu. Akimaliza, badilisheni namba ya siri siku hiyo hiyo, pamoja na ile iliyotoka kiwandani. Namba kama 1234 ni mlango uliorudishwa tu.

Mfumo ukipona, nendeni kwa majirani mkawaambie, hata walio ng'ambo ya mpaka ikiwa sauti huwafikia: "King'ora kimetengenezwa. Kuanzia leo kikilia, ni kweli." Maneno hayo mafupi hukamilisha matengenezo. Hakuna fundi anayeweza kuyasema kwa niaba yenu, na bila hayo honi nzima italia mbele ya masikio yaliyokwisha kuzoea kutoisikia.

Maswali ya mjadala katika mikutano ya ulinzi wa mtaa

1. Katika mtaa wetu, king'ora cha nani hulia mara kwa mara, na nani amemwendea kwa upole kumweleza?
2. King'ora kikilia saa nane usiku, nani hutoka, nani hupiga simu, na nani huwasha taa?
3. Je, namba zilizomo katika mifumo yetu zimeandikwa pamoja na namba ya nchi?
4. Mara ya mwisho tulijaribu betri zetu lini?

Tunawasihi wenyeviti wa mitaa wayasome maswali haya mkutanoni na kuyaandika majibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa imani kati ya majirani ni mgumu kuuziba kuliko ule wa nyumba. Milango ya vituo vyetu i wazi kwa yeyote atakayehitaji ushauri, mchana na usiku.