Kuutazama Ugonjwa wa Parkinson Ndani ya Ubongo

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London alieleza ugonjwa unaomfanya mtu atetemeke mikono akiwa ametulia, ainame mbele na kutembea kwa hatua fupi fupi. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya kujulikana mahali unapoanzia madhara hayo. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Paris, alichunguza bongo za wagonjwa waliofariki, akaonyesha kwamba sehemu moja ndogo ya ubongo wa kati ilikuwa imeharibika.

Sehemu hiyo ni nyeusi kwa sababu seli zake zina rangi iitwayo neuromelanini. Kazi ya seli hizo ni kutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye sehemu za ubongo zinazoongoza miendo ya mwili. Seli zikifa, dopamini hupungua, na viungo huwa vizito. Mtetemeko unapoanza kuonekana, seli nyingi huwa zimekwisha kufa. Ndiyo maana wanasayansi wametamani kuuona uharibifu huo mgonjwa angali hai, tena mapema.

Kwa nini picha ya kawaida haitoshi

Mashine ya picha za usumaku haitumii eksirei. Sumaku yake huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili. Mawimbi ya redio huzitikisa chembe hizo, nazo zinaporudi katika hali yake ya kwanza hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa njia hii uvimbe au athari za kiharusi huonekana wazi. Lakini picha ya kawaida ya mgonjwa wa Parkinson, hasa mwanzoni mwa ugonjwa, hufanana na ya mtu mwenye afya. Seli zinazokufa haziachi shimo, na sehemu yenyewe ina unene wa milimeta chache tu.

Rangi na chuma

Watafiti walipata njia kwa kufuata vitu viwili vilivyomo ndani ya sehemu hiyo. Kitu cha kwanza ni ile rangi. Neuromelanini hushikamana na madini ya chuma, na mashine ikitegwa kwa namna maalumu, rangi hiyo hung'aa katika picha. Mwaka 2006 watafiti wa Japani, wakitumia sumaku yenye nguvu ya tesla 3, walionyesha kwamba mng'ao huo hufifia kwa wagonjwa wa Parkinson.

Kitu cha pili ni chuma chenyewe. Katika picha zinazoonyesha chuma, sehemu hiyo kwa mtu mzima wa afya huwa na doa jeupe kati ya mistari miwili myeusi, mfano wa mkia wa mbayuwayu. Mwaka 2014 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walieleza kwamba kwa wagonjwa wengi doa hilo hutoweka, na panya ya mkia haionekani tena.

Mipaka ya picha hizi

Msomaji asidhani kwamba picha peke yake humaliza shauri. Yapo magonjwa mengine yanayoua seli hizo hizo na kuufuta mkia huo. Kwa hiyo utambuzi bado hutegemea daktari anayechunguza wepesi wa miendo, ukakamavu wa viungo na mtetemeko. Picha humsaidia kuondoa shaka, na humsaidia mtafiti kupima kama dawa mpya inazuia kufa kwa seli.

Jambo hili lina uzito kwetu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Waligunduliwa kwa macho na mikono ya waganga. Basi mzee anayetetemeka na kuwa mzito asiambiwe kuwa huo ni uzee tu. Apelekwe hospitali, kwa maana dawa za kumpunguzia taabu zipo.