Vidokezo: Programu iendelee hata mtandao ukikatika

Kompyuta yako inaweza kuwa ndogo na kuukuu, ilhali kazi nzito ikafanyika kwenye seva iliyoko Frankfurt au Cape Town. Njia ya kufika huko ni SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen nchini Ufini mwaka 1995, baada ya wadukuzi kunasa nywila katika mtandao wa chuo kikuu chake.

1. Achana na nywila, tumia ufunguo. Andika `ssh-keygen -t ed25519`. Utapata faili mbili. Ile yenye `.pub` ipeleke kwenye seva kwa `ssh-copy-id`. Ile nyingine usimpe mtu yeyote, awe fundi au rafiki.

2. Ipe seva jina fupi. Katika faili `~/.ssh/config` andika:

Host kazi
  HostName 203.0.113.10
  User asha
  ServerAliveInterval 60

Weka anwani na jina lako halisi, na tangu hapo `ssh kazi` inatosha. Mstari wa mwisho huifanya kompyuta yako iulize hali ya seva kila sekunde 60 za ukimya, ili mawasiliano yasikatwe kwa kukaa kimya.

3. Tumia tmux, programu ya kwenye seva inayoendeleza kazi yako hata ukitoka. Ukisahau mengine yote, shika hili. Kwa kawaida programu uliyoianzisha kupitia SSH hufa mawasiliano yakikatika: umeme umeenda, bando limeisha, na hesabu ya saa tano imepotea. Kwa hiyo ukishaingia kwenye seva, anza na `tmux new -s hesabu`, kisha humo ndani endesha `python3 hesabu.py`. Bonyeza Ctrl pamoja na b, achia, halafu bonyeza d. Umetoka, programu inaendelea. Zima kompyuta ukalale. Kesho yake andika `tmux attach -t hesabu` uikute palepale. Ila seva yenyewe ikizimwa, tmux nayo huondoka, hivyo programu ndefu iandike ihifadhi matokeo kila hatua.

4. Kwa amri moja tu, huna haja ya kuingia: `ssh kazi 'df -h'` itakuonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski.

5. Hamisha faili kwa `rsync -avP data/ kazi:data/`. Ukirudia, hutuma yaliyobadilika tu, na faili kubwa ikikatikia njiani, kilichokwishafika hakitupwi. Bando litakushukuru.

6. SSH ikikuonya kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usilazimishe kuingia. Huenda seva imesakinishwa upya. Huenda pia kuna mtu amejipenyeza katikati. Muulize kwanza msimamizi wake.