Kulinganisha Vifaa vya Kunasia Sauti

Arekodiye sauti nyumbani huhitaji kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta. Kifaa hicho hukuza volti ndogo za maikrofoni, kisha huzipima na kuzigeuza kuwa tarakimu. Kwa kuwa sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, vipimo 44,100 kwa sekunde, yaani zaidi ya maradufu, vyatosha.

Kila biti ya kipimo huongeza desibeli 6 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa kifaa chenyewe. Kwa hesabu hiyo biti 24 zingetoa desibeli 144. Lakini joto hutikisa elektroni na kuleta mvumo wake, hata vifaa vizuri vya nyumbani hufikia 120 hivi. Basi idadi ya biti peke yake si kigezo.

Njia ya haki ni kusawazisha kwanza ukubwa wa sauti za vifaa viwili kwa voltimita, kisha msikilizaji asijulishwe kipi kinalia. Sikio hudhani sauti iliyozidi kidogo ndiyo bora. Asiyesawazisha aweza kulipa fedha nyingi kwa tofauti ya desibeli moja, ambayo angeipata bure kwa kuzungusha kitufe.