Likizo Kubwa: Darasa la Nyumbani Kuanzia Grande Barrière

Somo letu safari hii si la watoto peke yao, ni la nyumba nzima. Shule zinafungwa karibu na mwanzo wa Julai na hazifunguliwi mpaka Septemba. Ni hivyo Kongo tangu zamani, na ni hivyo Rwanda tangu kalenda ya shule ilipobadilishwa mwaka 2021. Hayo ni majuma nane, pengine tisa. Mtoto asiyegusa kitabu muda huo wote anarudi darasani amesahau mengi, na mwalimu hana nafasi ya kumngoja.

Kwa watoto wetu kuna jambo jingine zaidi. Familia nyingi kati yetu zilipita Grande Barrière, pale Gisenyi, kando ya ziwa. Wako waliovuka Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipoingia Goma, wako waliovuka Mei 2021 mlima ulipolipuka tena, na wako waliovuka kwa sababu ya mapigano ya Januari 2025. Kati ya kizuizi cha huku na cha kule ni mwendo wa hatua chache tu. Lakini mtoto akizipiga hatua hizo anaacha shule ya Kifaransa na kuingia shule ya Kiingereza. Rwanda iliamua mwaka 2019 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza la msingi, na Kinyarwanda ni somo ambalo wenzake wanalijua tangu tumboni. Basi unamkuta kijana wa miaka 12 ameketi na watoto wa miaka 9. Anajua kugawanya na anajua sehemu, ila hajui maneno ambayo swali limeulizwa kwayo. Kesho familia ikirudi Goma, anaanza upya kwa Kifaransa alichokisahau. Mtoto wa namna hiyo si mjinga. Ni mtoto aliyekatwa lugha mara mbili, na likizo kubwa ndiyo nafasi tuliyo nayo ya kumshonea.

Wazazi wengine watasema: sisi hatukusoma sana, tutafundishaje? Tuwakumbushe kwamba mwaka 2020 shule za Rwanda zilifungwa tangu Machi mpaka Novemba kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na katika nyumba nyingi mwalimu alikuwa redio, pamoja na mama aliyekaa karibu na kuuliza, "Amesema nini?" Timotheo naye alifundishwa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5, 3:15), na hatusomi popote kwamba walikuwa na diploma. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja mahali pa kufundishia watoto: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Ubao haukutajwa.

Tuanze na kusoma, maana hapo ndipo penye faida kubwa. Chukueni Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo sura mbili kila juma zinatosha majuma nane. Siku ya kwanza someni sura kwa Kiswahili, polepole, kila mtu mistari michache, hata bibi asiyeona vizuri asikilize na kusahihisha. Siku ya pili mtoto aisimulie kwa maneno yake bila kitabu. Siku ya tatu asome sura ile ile kwa Kiingereza au kwa Kinyarwanda, na mwenye Biblia ya Kifaransa asiiache sandukuni. Kwa kuwa habari anaijua tayari, maneno mageni hayamtishi. Anajua kwamba sasa dhoruba inakuja, sasa watu wanabomoa paa, na neno asilolijua analibahatisha na mara nyingi analipata. Aandike maneno matano tu kila siku, katika mistari minne: Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda, Kiingereza. Mwisho wa likizo atakuwa na kamusi yake mwenyewe aliyoiandika kwa mkono. Sisi tunaona daftari hilo moja linazidi vitabu vitatu vya kununua.

Wenye watoto wadogo wachukue kitabu cha Ruthu. Kina sura nne na mistari 85, kinaisha kwa jioni nne, na kinahusu mama aliyehamia nchi ya ugeni kwa sababu ya njaa, akafiwa, akarudi. Watoto wetu hawahitaji kuelezwa sana maana yake. Julai na Agosti zina siku 31 kila moja na Mithali ina sura 31, basi wakubwa wanaweza kusoma sura moja kwa siku kufuatana na tarehe. Danieli 1 isomwe pia na vijana. Wale wanne walipelekwa uhamishoni, wakafunzwa lugha na maandiko ya wageni miaka mitatu, wakashinda wenzao, na majina ya kwao hayakuwatoka moyoni. Kisha someni Nehemia 13:23-24, habari za watoto ambao hawakuweza tena kusema lugha ya nyumbani. Waulizeni vijana: sisi tuko wapi kati ya sura hizi mbili? Waacheni waseme, hata kama jibu litawauma wazazi.

Mbali na Biblia kuna Safari ya Msafiri ya John Bunyan, aliyefungwa gerezani Bedford, Uingereza, miaka mingi kwa sababu ya kuhubiri. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1678, na kimekuwako kwa Kiswahili muda mrefu. Vijana wanakipenda kwa sababu kuna mtu na mzigo mgongoni na njia ndefu mbele yake. Kuna pia Adili na Nduguze ya Shaaban Robert kwa wenye umri wa miaka 13 na zaidi. Mwenye simu inayoingia intaneti atafute African Storybook, ambako hadithi fupi zenye picha zinapatikana bure kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Simu moja inaweza kusomewa na watoto wa nyumba tano wakikaa vizuri, na hadithi nzuri inaweza kunakiliwa kwa mkono ikabaki.

Sasa tuje kwenye masomo mengine, na darasa letu liwe Grande Barrière yenyewe. Tuseme mapema: msiwapeleke watoto mpakani kwa matembezi, wala msipige picha pale. Wengine wao wakiona askari na foleni wanarudiwa na siku ile. Chora tu ramani chini, kwa kijiti. Huku Gisenyi, kule Goma, kusini ziwa, kaskazini mlima.

Kisha uliza: mpaka huu uliwekwa na nani? Mjerumani von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894. Baada ya hapo Wajerumani na Wabelgiji waligombania nchi hizi, mpaka mwaka 1910 walipokubaliana Brussels, pamoja na Waingereza, mstari upite wapi. Kisiwa cha Idjwi kikaenda upande wa Kongo. Wazee wa Gisenyi na wa Goma hawakuitwa mezani. Watoto wakubwa waelewe hilo, kwa sababu watasikia maneno mengi juu ya nani ni wa wapi, na ni vema wajue kwamba mstari huu umri wake hauzidi sana umri wa babu wa babu yao.

Ziwa nalo ni somo. Maji yake yako mita 1,460 juu ya bahari, na kina chake kinafika mita 485. Yanatoka kwa mto Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanapita Lukuga mpaka mto Kongo, na mwisho ni bahari ya Atlantiki. Lakini mvua ikinyesha upande wa pili wa milima, mashariki, inaingia Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Victoria, halafu Nili. Yaani tone moja la mvua ya Rwanda laweza kufika Misri, katika mto ule alimowekwa Musa ndani ya kisafina. Watoto wa Shule ya Jumapili hulifurahia sana jambo hili! Sambaza tunaowakaanga hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao wameshazoea na kuzaana kama kwao.

Kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa Kivu lazima alijue: mazuku. Neno hili la Kiswahili chetu linatumiwa hata na wataalamu wa volkano duniani. Ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini karibu na Goma na kando ya ziwa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mashimoni na mabondeni, haionekani, na inaua mbuzi, kuku na watu, hasa watoto kwa sababu wao wako chini. Waonyesheni hivi: tia kijiko cha bikaboneti, ile ya kuivishia maharagwe, ndani ya kikombe kirefu, mimina siki kidogo, ngoja povu litulie. Kisha inamisha kikombe taratibu juu ya mshumaa unaowaka, kama unamimina maji, ila siki yenyewe isimwagike. Mshumaa unazimika na hakuna kilichoonekana kutoka. Mtoto aliyeona hivyo hatateremka tena shimoni kufuata mpira pasipo kuuliza. Mtu mzima awepo, kwa sababu ya moto.

Kwa michezo hatuna mengi ya kusema, watoto wanajua kucheza. Ila igisoro, ndugu yake bao, ni hesabu tupu: mashimo 32 na kete 64. Chimbeni mashimo uani, okoteni mbegu au mawe.

Jambo la kuandika linahitaji busara. Tunashauri kila nyumba iwe na kitabu cha familia, daftari moja la kurasa nyingi. Watoto waandike humo majina ya mababu pande zote mbili, kijiji, mto wa karibu, jinsi bibi anavyopika sombe, nyimbo walizoimba wakati wa kuvuna. Wawahoji wazee wakiwa bado nasi. Lakini msimlazimishe mtoto kuandika habari za kukimbia. Anayetaka kuchora achore, anayenyamaza aachwe anyamaze, na anayeota usiku au kujikojolea baada ya maswali, maswali yasimame na mzazi amwone mtumishi wa afya. Mathayo 2:13-23 inaweza kusomwa siku hiyo. Yesu naye alibebwa usiku kuvuka mpaka, na Injili haisemi kwamba mtu alimtaka aeleze.

Tena, tafadhali, tafuteni bulletini zote za shule, za Kongo na za Rwanda, na vyeti vya kuzaliwa. Zifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, zipigeni picha kwa simu, na picha hizo mtumieni ndugu wa kuaminika anayekaa mahali pengine. Mtoto bila karatasi anarudishwa madarasa mawili nyuma hata kama anajua kila kitu.

Saa moja na nusu kila asubuhi inatosha, kabla ya kuchota maji au baada yake. Siku ya soko na Jumapili wapumzike.

Hesabu za kuanzia, kwa wa miaka 9 hadi 13:

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 juu ya bahari. Unazidi maji ya ziwa kwa mita ngapi? Chini kabisa ya ziwa, penye kina cha mita 485, ni mita ngapi juu ya bahari? Tuseme dola 1 ni faranga 1,400 za Rwanda; mama ana dola 15, ananunua kilo 5 za maharagwe kwa faranga 1,200 kila kilo. Anabaki na faranga ngapi? Goma ni saa tatu asubuhi. Gisenyi ni saa ngapi, na Kinshasa ni saa ngapi?

Majibu, wazazi wayafunike kwa kidole: mita 2,010, mita 975, faranga 15,000, Gisenyi ni saa tatu vilevile, Kinshasa ni saa mbili.