Ujifunzaji wa Mtandaoni na wa Darasani: Nani Hunufaika?

Tangu Machi 2020, vyuo vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wasomi wamejadili iwapo mwanafunzi wa mtandaoni hujifunza sawa na mwenzake wa darasani. Mjadala ulipata uzito zaidi mwaka 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipopewa hati yake. Makala haya yanashikilia kwamba wastani wa alama hautoshi kulijibu suala hili. Sharti tuulize ni mwanafunzi yupi.

Mwaka 1983, Richard Clark wa Marekani alidai kuwa chombo cha kufundishia ni mithili ya lori lisafirishalo vyakula: lori haliongezi lishe. Kwake, kiletacho tofauti ni mbinu ya ufundishaji. Uchanganuzi wa tafiti uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Marekani mwaka 2009 ulibainisha kuwa waliosoma mtandaoni walifanya vyema kidogo kuliko wa darasani, hasa pale njia zote mbili zilipochanganywa. Hata hivyo, waandishi walitahadharisha kwamba mara nyingi waliochanganyiwa njia walipewa pia muda na nyenzo zaidi.

Kwa upande mwingine, Figlio, Rush na Yin (2013) waliwagawa kwa kura wanafunzi wa somo la uchumi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Baadhi walihudhuria mihadhara. Wengine waliitazama mihadhara iyo hiyo kwenye intaneti. Waliohudhuria walipata alama za juu kidogo. Pengo lilidhihirika zaidi miongoni mwa wanaume, wanafunzi wa asili ya Kihispania na waliokuwa na alama duni awali.

Matokeo hayo yanatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Riwaya husomeka faraghani. Fasihi simulizi, kinyume chake, humhitaji fanani na hadhira inayoitikia papo hapo. Aidha, darasani mhadhiri humwona anayekunja uso kwa kutoelewa ngeli; mtandaoni, kamera ikizimwa, kimya cha aliyeelewa na cha aliyepotea ni kimoja.

Kwa hivyo, tunapendekeza kozi za mtandaoni zitenge vikundi vidogo vya mjadala, na wahadhiri wawafuatilie mapema wanaosuasua. Pasipo hayo, mtandao utawafaa walio imara tayari, na walio dhaifu watalipa karo bila kupata elimu waliyoifuata.