Shoki za Nyuma za Pikapu ya Kikundi: Tunaweza Kuzibadilisha Wenyewe?

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vimefika hatua ya kununua pikapu. Vingine vilichanga pole pole kwa miaka, vingine vilikopa. Gari likifika linabeba kabeji hadi sokoni, linabeba mikebe ya maziwa alfajiri, linabeba saruji ya tangi la shule, na usiku likiitwa linampeleka mama mjamzito hospitalini. Baada ya mwaka mmoja au miwili katika barabara zetu za murami, sehemu ya nyuma inaanza kurukaruka. Mayai yanavunjika. Dereva anasema, "Ni barabara tu." Mweka hazina anauliza, "Gereji watataka pesa ngapi?" Kikao kinakuwa kirefu.

Mara nyingi wenye makosa hapo ni shokabsoba za nyuma, zile ambazo makanika wetu huziita shoki. Kazi yangu ni maendeleo ya jamii, si gereji, lakini nimekaa na mafundi wa jua kali vya kutosha kujua kwamba kazi hii haina uchawi. Watu wawili wenye subira wanaweza kuimaliza kwa nusu siku. Pia nimejua pahali ambapo mtu anaweza kuumia au hata kufa, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Shoki hufanya nini?

Fanyeni jaribio hili mkiwa kikundini. Chukueni bomba la sindano, lile la kuchanjia ng'ombe, likiwa safi na bila sindano yake. Lijazeni maji, halafu mtu mmoja asukume pole pole. Maji yanatoka bila shida. Sasa asukume kwa haraka na kwa nguvu. Bomba linakataa, kwa sababu maji hayawezi kupita upesi katika tundu dogo. Shoki ni hivyo hivyo. Ndani mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likiingia shimoni springi inataka kucheza juu na chini mara nyingi, na shoki inauzuia mchezo huo. Nguvu ile inageuka kuwa joto.

Basi mshike hili sana: mzigo hubebwa na springi, haubebwi na shoki. Kama pikapu yenu imekaa chini kwa nyuma hata bila mzigo, springi zimechoka au jani moja limevunjika, na shoki mpya haitainua gari. Nimeona kikundi kikinunua shoki mpya mbili ili "gari libebe zaidi". Gari halikubeba zaidi hata gunia moja.

Kujua kama shoki imekufa

Angalia mwili wake. Ukiona mafuta yamelowesha na vumbi limeganda juu yake, si unyevu kidogo bali mafuta kabisa, seali yake imeisha. Angalia pia raba za kwenye majicho ya juu na chini. Zikipasuka utasikia mlio wa "ko, ko" kwa nyuma, na huenda shoki yenyewe bado ni nzima. Tairi za nyuma zikiliwa kwa mabaka mabaka, pahali hapa zimelika na pale hazijalika, hiyo ni dalili nyingine. Dereva naye atakwambia kwamba kwenye barabara yenye mikunjo kama bati sehemu ya nyuma inataka kwenda kando, hasa akikanyaga breki. Hilo si jambo la starehe. Tairi lililo hewani haliwezi kusimamisha gari.

Watu hupenda kusukuma gari kwa mikono ili waone kama linadunda. Kwa gari dogo la mjini jaribio hilo husaidia, lakini springi za pikapu ni ngumu na mikono haitoshi. Afadhali watu wawili wasimame juu ya bampa ya nyuma, waruke kidogo pamoja, kisha washuke kwa ghafla. Gari likiinuka na kutulia, ni sawa. Likiendelea kupanda na kushuka, shoki zimechoka. Kuna njia nyingine ya mafundi wa zamani: ukitoka safari ya barabara mbaya, gusa shoki zote mbili kwa uangalifu, kwa maana zinaweza kuchoma. Ile iliyobaki baridi wakati mwenzake ana joto haifanyi kazi.

Kununua

Nunueni mbili, za kulia na za kushoto pamoja, hata kama moja ndiyo inayovuja. Mkiweka mpya upande mmoja na nzee upande mwingine, gari halitakaa sawa kwenye kona. Nendeni na logibuku, au mwandike aina ya gari, mwaka wake na namba ya chasisi. Ikiwezekana bebeni na shoki kuukuu ya kulinganisha. Mpime urefu ikiwa imevutwa hadi mwisho na ikiwa imesukumwa hadi mwisho, na unene wa tundu la jicho. Shoki fupi sana itakatika gari likiinuka, na ndefu sana itagonga mwisho wake wakati kuna mzigo.

Maduka ya vipuri ni mengi, kuanzia Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi mpaka katika miji yetu midogo. Vya bandia navyo vimo, ingawa Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Chukueni risiti yenye jina la duka. Shoki zilizotolewa katika magari makuukuu mimi sizipendi hata kwa bei ya nusu, kwa sababu ukiipaka rangi huwezi kujua ndani imebaki nini. Nunueni na nati mpya za kujifunga, maana zile za zamani hazishiki vizuri zikishafunguliwa.

Siku ya kazi

Jioni ya jana yake sugua nati zote na brashi ya waya, kisha uzitie mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi rudia. Nusu ya ugumu wa kazi hii ni kutu, na anayeruka hatua hii ndiye atakayevunja bolti.

Gari lisimame kwenye ardhi ngumu na tambarare, bila mzigo wowote, na bomba la moshi liwe limepoa. Breki ya mkono ivutwe, gia ya kwanza iingizwe, na magurudumu ya mbele yawekewe kabari mbele na nyuma. Ufunguo wa gari uwe mfukoni mwa yule anayeingia chini, si mwa mtu mwingine. Watoto wafukuzwe mbali.

Sasa swali la jeki. Jibu langu ni kwamba kwa pikapu nyingi jeki haihitajiki. Gari liko juu vya kutosha kwa mtu kulala chini ya tela magurudumu yote yakiwa ardhini. Tairi la akiba likiwa limefungwa chini kwa nyuma, lishusheni mliondoe mpate nafasi. Kufanya kazi hivi ni salama zaidi, na kuna faida nyingine nitakayoieleza tukifika kwenye kukaza.

Kama nafasi ni ndogo na lazima muinue, basi legezeni nati za gurudumu kwanza likiwa chini, inueni kwa jeki, kisha wekeni stendi za chuma chini ya ekseli, pande zote mbili. Kama hamna stendi, vipande vizito vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kukingamana vinaweza kufaa. Mawe ya ujenzi, matofali na bloki za simiti hapana. Zinabeba uzito vizuri ukutani, lakini chini ya chuma hupasuka bila kutoa onyo. Tikisa gari kabla mtu hajaingia. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata "nachukua spana tu". Mwenyekiti akiona hivyo asimamishe kazi, na asione haya.

Sababu ya kuweka stendi kwenye ekseli ni hii: katika magari mengi shoki ndiyo inayoizuia ekseli isishuke sana. Ukiegemeza chasisi na kuacha ekseli ikining'inia, ukitoa shoki ekseli itashuka na kuvuta paipu ya raba ya breki. Kwa hiyo pia fungueni upande mmoja, mmalize, ndipo mwende wa pili. Upande ambao haujaguswa utakuwa ndio kitabu chenu, mkisahau washa gani ilikaa wapi.

Kufungua

Anza na nati ya chini, kisha ya juu. Nyingi huchukua spana ya 17 au ya 19, lakini jaribu kwanza ikae kabisa kabla hujatia nguvu, maana spana iliyolegea huila nati pembe zote. Spana ya duara au soketi ni bora kuliko ya mdomo wazi. Vaa miwani, kutu huanguka machoni. Ukiongeza bomba kwenye spana ili upate nguvu, jipange kwa namna ambayo spana ikiteleza mkono wako uende hewani, usigonge chuma.

Shoki nyingine zina mti wenye nyuzi kwa juu badala ya jicho, na ukizungusha nati mti nao unazunguka. Shika ncha ya mti kwa spana ndogo au vaisigripu huku mwenzako akizungusha nati. Ikikataa kabisa, ikateni nati kwa msumeno wa chuma, pole pole.

Moto wa gesi usitumike hapa. Tangi la petroli au dizeli na paipu za breki ziko karibu, na shoki nyingine zimejazwa gesi yenye mgandamizo. Ukiipasha moto yaweza kulipuka usoni. Na kama ile bolti iliyochomelewa kwenye chasisi imekatika, mfike hapo tu. Hiyo sasa ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea, na pesa yake mpeni bila manung'uniko.

Kuweka mpya

Kwanza linganisha mpya na kuukuu zikiwa zimelala juu ya gunia. Halafu iamshe. Shoki mpya ililala dukani, na huenda hewa imeingia kwenye sehemu ya mafuta. Isimamishe kama itakavyokaa garini, ivute hadi mwisho. Igeuze juu chini, isukume hadi mwisho. Rudia mara nne au tano, mpaka usiposikia tena pahali palipo laini katikati. Kama imefungwa kwa mkanda ni ya gesi. Ukishamaliza kuiamsha ifunge tena, na uukate mkanda baada ya kufunga upande wa juu, kwani itajinyoosha yenyewe.

Ule mti unaong'aa usiushike kwa koleo wala vaisigripu. Mkwaruzo mdogo tu utakata seali, na mafuta yataanza kuvuja kabla mkopo haujaisha. Raba ikikataa kuingia, tumia maji ya sabuni. Grisi na mafuta ya injini huvimbisha raba na kuiozesha.

Weka juu kwanza, nati ikazwe kidogo kwa mkono, kisha chini. Ikiwa tundu halilingani, mwenzako asukume au avute shoki mpaka lilingane. Usigonge nyuzi kwa nyundo.

Kukaza kwa mwisho kufanywe magurudumu yakiwa ardhini na gari likiwa limekaa katika kimo chake cha kawaida. Ukikaza gari likiwa juu, raba inashikwa ikiwa imejipinda, na gari likishuka inabaki imesokotwa kila siku hadi ipasuke. Hii ndiyo faida niliyoitaja ya kutotumia jeki. Kwa shoki za mti, kaza mpaka raba ifure kidogo na ilingane na washa, si mpaka ibanike kama chapati.

Baadaye

Hakikisha hakuna paipu ya breki au waya inayogusa shoki. Endesheni pole pole kilomita chache, msikilize, mrudi mwangalie. Baada ya wiki moja ya kazi kazeni nati tena. Katika daftari la gari andikeni tarehe, kilomita, bei na jina la duka.

Shoki kuukuu zisikatwe na vijana wanaotaka bomba la chuma, kwa ajili ya gesi na mafuta yaliyomo. Ziuzeni kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu zikiwa nzima, na mmwambie ni za gesi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Ni nani kati yetu ana stendi za chuma, au tuzinunue kwa pesa za kikundi?

Gari letu linabeba kilo ngapi siku ya soko, na ni nani ana ruhusa ya kumwambia dereva "imetosha"?

Tukilinganisha gharama ya gereji na ya kufanya wenyewe, tumehesabu spana tutakazonunua na siku ambayo gari halitaingiza pesa?