Kiharusi cha Ndani ya Ubongo: Kuziba na Kupasuka

Watu wawili wanaletwa hospitali hapa Bunia siku moja. Mmoja amelegea mkono na mguu wa kuume, mdomo umepinda. Wa pili vilevile. Je, wana ugonjwa mmoja? Usijibu upesi.

Ndani kabisa ya ubongo imo mishipa ya damu myembamba kama nyuzi. Tansioni ikikaa juu miaka mingi, mishipa hiyo huharibika. Mmoja ukuta wake huwa mnene hata njia ikaziba. Mwingine hudhoofika, ukapasuka, damu ikamwagika. Na mahali hapo ni pembamba: neva za uso, mkono na mguu hupita pamoja. Kwa hiyo jeraha dogo kama punje ya haragwe laweza kulegeza upande mzima wa mwili.

Aliyezibwa mshipa mdogo mara nyingi yu macho. Anakuelewa, ijapokuwa ulimi ni mzito, na kichwa hakimwumi. Pengine alilala mzima akaamka amelegea. Aliyepasukiwa, mara nyingi hali yake huzidi dakika kwa dakika: kichwa chauma, anatapika, usingizi mzito unamshika.

Lakini angalia sana! Alama hizi hudanganya. Damu ikimwagika kidogo, mgonjwa aweza kukaa na kuongea bila kutapika hata mara moja. Hata daktari wa miaka mingi hawezi kuwatenganisha kwa macho tu. Mwaka 1971, huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Katika picha ya namna hiyo damu mpya huonekana nyeupe. Pasipo skaneri, daktari anakisia.

Labda utasema, "Hayo ni ya madaktari, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu kwa sababu ya kidonge kilicho mfukoni mwa jirani yako. Aspirini humsaidia aliyeziba; anayevuja damu yaweza kumdhuru. Basi usimpe nyumbani. Usimpe pia vidonge vya tansioni mara mbili ili ishuke upesi, wala chakula wala maji, maana koo lililolegea hupeleka maji mapafuni. Na chale za kichwani? Haziifikii mishipa hiyo; zinakula saa tu.

Saa zenyewe ni chache. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha. Kwa hiyo andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho.

Ukitoka naye Irumu au Djugu, na usingizi umemshika, usimbane kati ya watu wawili juu ya pikipiki. Tafuta gari, mlaze kwa ubavu, matapishi yapate kutoka. Funga vidonge vyake vyote katika karatasi, uje navyo.